Usiandike barua ya msaada, nenda kwenye likirimba

Mwaka juzi mtoto mmoja aliingia kwenye papeteri yangu, duka la karatasi na vifaa vya shule, hapa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), na kikaratasi alichoandika mama yake: kaye (daftari) mbili, biki (kalamu) moja ya buluu. Nilikuwa nahangaika na mashine ya fotokopi, nikamwambia anisomee. Akanyamaza. Alikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Nikamwomba atoe kitabu chake cha Kifaransa, akakighani ukurasa mzima bila kukosea, kwa ile sauti wanayoitikia darasani. Nilipoweka kidole kwenye neno moja katikati ya mstari, alirudi mwanzo wa mstari ili alifikie kwa kuimba.

Simlaumu mwalimu wake. Tangu 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure, watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa pesa wameingia darasani, na mimi nashukuru. Lakini mwalimu mwenye umati ule mbele yake atamsikiliza nani mmoja mmoja? Anaimbisha, wote wanaitikia, siku inaisha.

Nilitaka watoto kama yule wajifunze kusoma kweli, na kosa langu la kwanza lilikuwa barua ya kuomba msaada. Niliandika barua nzuri, nikapiga muhuri wa duka, nikaipeleka kwa wafanyabiashara wakubwa wa mjini. Wengi hawakujibu. Mmoja alituma katoni ya vitabu vya hadithi za theluji, vyote kwa Kifaransa. Watoto walitazama picha, wakavirudisha. Ndiyo maana nakwambia, wewe mwenye duka, saluni au kibanda: usianzie kwa watu wasiokujua. Anzia pale unapoketi kila juma na watu mnaoaminiana pesa: kwenye likirimba, kikundi cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu.

Sisi kwenye likirimba yetu ni kumi na wawili. Siku zamu ilipokuwa yangu kupokea, niliomba dakika kumi, na sikuomba faranga hata moja. Niliuliza kila mtu: kwako ni kitu gani kinalala bila kazi? Mama mwenye mashine ya kusaga mahindi alisema baraza lake ni tupu Jumamosi mchana, mashine ikishasimama. Seremala alikuwa na vipande vya mbao vinavyoishia jikoni. Fundi cherehani ana sindano na uzi. Mimi nina karatasi zilizoharibika upande mmoja, na hizo haziishi. Karatasi moja ya A4 ukiikunja mara mbili inatoa kurasa nane ndogo. Mbili zilizoharibika ukizibandika upande mbaya kwa upande mbaya, unapata kurasa nane safi pande zote. Fundi anashona katikati. Hicho tayari ni kitabu.

Sasa kitabu cha nini? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Andikeni Kiswahili. Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inakitaja kuwa moja ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa zifundishie. Lakini sababu yangu ni nyepesi kuliko sheria: Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, kisha ma, me, mi, mo, mu, ndani ya majuma machache anasoma neno ambalo hajawahi kuonyeshwa. Kwa Kifaransa atakutana na *eau*, herufi tatu zinazotoa sauti moja ambayo hakuna hata moja kati yao inayoitoa peke yake. Atafika huko, ila kwanza ajue kwamba herufi zinasema kitu.

Na Kiswahili chenyewe kianze na cha hapa kwetu. Tulipoandika *mkate*, watoto walikwama kwenye ile *m* iliyokosa irabu. Nyumbani wanasema *mukate*, *mutoto*, *bintu* (vitu). Tukaandika *mukate*, wakausoma palepale, mu-ka-te, na mmoja akakimbia kumwita dada yake. Baada ya miezi mitatu hivi tunaweka *mkate* pembeni ya *mukate*, na hawahangaiki tena. Kuna mwalimu mstaafu aliyetukemea kwamba tunaharibu lugha. Namheshimu, lakini nimewaona watoto wenyewe na siwezi kukubaliana naye.

Maneno tuliyatoa kazini kwetu: unga, makala (mkaa), mafuta, sindano, bukari (ugali). Kila Jumamosi mfanyabiashara mmoja anakuja kueleza kazi yake, watoto wanasema sentensi, mimi naandika, juma linalofuata wanasoma maneno yao wenyewe.

Biashara nayo inafaidika, na sioni aibu kulisema. Direkta (mwalimu mkuu) wa shule ya jirani alikuja kuona, akaketi kwenye benchi la seremala wetu, akaagiza mengine. Wazazi wanaoleta watoto wanajua sasa nani anashona na nani anasaga. Lakini mmoja wetu alitaka waingie watoto wa wateja wake tu, na mwingine alitaka jina la duka lake kila ukurasa. Tulibishana jioni nzima. Tuliamua hapana kwa yote mawili: mtoto yeyote wa kartie (mtaa wetu) anaingia, na kitabu ni cha kusoma. Yule wa kwanza alijitoa. Ilituuma, maana alikuwa mlipaji mzuri.

Pesa ya likirimba isiguswe kamwe kwa kazi hii. Sisi tuna sanduku dogo pembeni, faranga 500 kwa kila mtu kwa juma, kwa ajili ya chaki na wino. Mwanzoni ufunguo ulikuwa mmoja. Mwenzetu alipofiwa, aliyeushika alichukua pesa ya sanduku kumsaidia bila kutuuliza, kwa moyo mwema kabisa, na tulikaa miezi miwili bila wino. Sasa kuna kufuli mbili, na funguo ziko kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Za msiba tunachanga peke yake.

Yule mtoto wa kikaratasi bado anakuja. Anaanza kusoma bango la duka langu kabla hajanisalimia, na mama yake anamgombeza kwa hilo. Mvua za Novemba zikianza, maji yanapiga hadi katikati ya baraza, kwa hiyo juma hili zamu ya kuongea kwenye likirimba ni yangu tena: namtafuta mwenye bati mbili zinazolala bila kazi.