Kwa mnaoanza kliniki ya kisukari: mpimeni mgonjwa presha akiwa amesimama

Wadogo zangu mnaoripoti kliniki ya kisukari hapa Mbeya, shikeni hili mapema: mshipa wa damu uliokaa na sukari nyingi kwa miaka hauitikii dawa kama mshipa mzima mliousoma chuoni.

Ndani ya mshipa kuna tabaka moja la seli, endothelia. Mwaka 1980 mtafiti Robert Furchgott alionyesha kwa mishipa ya sungura kwamba asetilikolini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe wa mishipa ya fahamu, huulegeza mshipa tabaka hilo likiwepo tu, likikwanguliwa, haulegei. Baadaye ikajulikana kinacholegeza ni gesi ya naitriki oksaidi. Sukari ikikaa juu muda mrefu, gesi hiyo hupungua na mshipa hubaki umekaza. Hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa wetu wengi kutotoshelezwa na dawa moja ya presha. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, nayo hutegemea gesi hiyohiyo, kwa hiyo huwasaidia wanaume wenye kisukari kwa shida kuliko wengine. Waulizeni kama wanaitumia, kwa staha, mlango umefungwa, kabla mgonjwa hajaandikiwa naitreti, dawa za maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Zikikutana, presha huporomoka, na mzee hatakwambia mwenyewe kwa sababu ya aibu.

Kisukari huharibu pia mishipa ya fahamu inayoiamuru ile ya damu ikaze mtu anaposimama. Mama aliyetoka Uyole anakaa kwenye kiti, presha inasoma 160 kwa 90, anaongezewa kidonge, kesho alfajiri anaanguka akienda chooni. Kwa hiyo mlazeni dakika tano, mpime. Asimame, mpime tena dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, dawa isiongezwe kabla daktari hajajua. Foleni itanung'unika. Iacheni inung'unike, mama huyo akivunjika nyonga hakuna foleni itakayomrudishia mguu wake.

Anayetumia atenolo au propranolo, dawa za presha zinazopunguza mapigo ya moyo, mwambieni yeye na wa nyumbani kwake kwamba sukari ikishuka moyo unaweza usimdunde wala mikono isitetemeke. Jasho hubaki, walitazame hilo. Anayeanzishiwa enalaprili au losatani, nazo dawa za presha, arudi baada ya wiki moja au mbili apimwe damu: kreatinini, inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, na potasiamu, hasa kama figo zimeshaanza kuchoka.

Halafu kuna baridi yetu ya Juni na Julai. Ngozi ikipoa, insulini hunyonywa polepole, na kidole hakitoi tone. Msikikamue, anawe maji ya vuguvugu, akaushe vizuri, ndipo mtoboe. Msisahau kuuliza anaotaje moto jioni. Mguu uliokufa ganzi huungua kwenye jiko la mkaa bila mwenyewe kujua, na mshipa usiotanuka hauwezi kulipelekea lile lengelenge damu ya kuliponya. Wengi kipindi hicho huvaa soksi mbili mbili. Mvueni zote, mtazame mpaka katikati ya vidole.