Winchester 94 inakwama na shabaha imeharibika: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi kwa marehemu baba bunduki ya wenzo (mkono wa chuma chini ya kifyatuo unaosukumwa mbele na kurudishwa ili kupakia), Winchester 94 ya risasi za .30-30, na kibali chake ninacho. Mara kwa mara nikifungua wenzo na kuufunga, ganda lililotumika linabaki ndani na risasi mpya inagongana nalo. Halafu, tangu nianze kuisafisha kila wiki, shabaha imezidi kuharibika. Zamani risasi tatu zilikaa ndani ya kiganja kwa mita 100, sasa zinatawanyika. Nifikirie risasi zenye ncha kali, labda zitaruka vizuri zaidi?

JIBU: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linaloweza kukutoa jicho. Risasi za ncha kali usizitie humo hata moja. Magazini ya 94 ni bomba lililo chini ya mtutu, na risasi hupangwa humo kwa foleni, ncha ya moja ikiegemea kitako cha mwenzake. Katikati ya kitako hicho ndipo ilipo fataki, kile kidude kinacholipuka kikigongwa. Bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, foleni nzima inasukumana, na ncha kali inaweza kuipiga fataki iliyo mbele yake kama nyundo. Ndiyo maana risasi za .30-30 zina vichwa bapa au vya mviringo. Ipo risasi ya kampuni ya Hornady yenye ncha laini kama mpira, iliyobuniwa mahsusi kwa mabomba haya, na hiyo haina tatizo.

Ukisikia mtu akisema babu yake alitumia ncha kali kwenye bunduki ya wenzo, huenda anasema kweli, ila muulize ni ipi. Winchester ya 1895, ile ambayo Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alikuja nayo kuwindia simba Afrika Mashariki mwaka 1909, ina magazini ya kisanduku ambamo risasi hulala moja juu ya nyingine. Hiyo na 94 zote zimetoka kwenye kichwa cha John Browning, mbunifu wa bunduki, lakini tumbo la moja si tumbo la nyingine.

Kuhusu kukwama, kabla ya kulaumu chuma naomba uangalie mkono wako. Wengi wanaorithi bunduki ya mzee huizungusha kwa heshima, taratibu, wakiogopa kuivunja. Bunduki hii haitaki huruma hiyo. Ganda hurushwa nje na risasi mpya hunyanyuliwa mwishoni kabisa mwa safari ya wenzo, kwenye upana wa vidole viwili vya mwisho wa safari hiyo. Ukiurudisha kabla haujagota, umeacha kazi njiani. Sukuma mpaka ugote, rudisha mpaka ugote, kwa mwendo mmoja imara, na kidole kiwe nje ya kifyatuo. Jizoeze bunduki ikiwa tupu. Na tupu ya kweli ni hii: toa risasi zote kwa kuzungusha wenzo, mtutu ukielekea mahali salama, kisha tazama chemba na mdomo wa magazini, halafu papasa kwa kidole. Risasi moja hupenda kujificha ndani ya bomba.

Ukizungusha sawasawa na bado inakwama, chunguza ukucha unaoshika ganda. Uchafu mgumu chini yake unatosha kuufanya uteleze. Springi iliyochoka au ukucha uliolika ni kazi ya fundi. Usiifungue 94 mezani kwako. Kuifungua ni rahisi, kuirudisha ndiyo kunakofanya watu waje kwangu na vipande kwenye mfuko. Mwenye Marlin 336, bunduki nyingine ya wenzo, ana nafuu: anatoa skrubu moja ya wenzo na bolti (kipande kinachofunga chemba) inatoka, mradi asikipoteze kile kipande kidogo cha kurushia ganda, ambacho huanguka bila kuaga.

Hapo ndipo tunapofika kwenye shabaha yako, na nina hakika kiasi kwamba usafi ndio ulioileta shida. Bolti ya 94 haitoki kirahisi, hivyo mdeki, yaani fimbo ya kusafishia, lazima uingilie mdomoni mwa mtutu. Ukipitisha mdeki wa chuma bila kikingio, kila safari unakwaruza ukingo wa mdomo, na ukingo huo ndio kitu cha mwisho kuigusa risasi. Ukilika upande mmoja, gesi inatoka upande huo kwanza na kukipotosha kichwa cha risasi njia yake. Kila wiki, kwa miezi! Bunduki isiyopigwa haihitaji hivyo. Ifute kwa nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi.

Tumia kamba ya kuvuta: fungua wenzo, ingiza ncha yenye uzito kwenye chemba, ivute itokee mdomoni. Kama ni lazima mdeki, uwe na kikingio cha shaba mdomoni, na mdomo uwe chini kuliko chemba, uchafu usitiririkie kwenye mitambo. Mafuta ni matone machache kwenye viungo. Ndani ya bomba la magazini usitie kitu. Mafuta hupenya kwenye fataki na kuiua.

Kabla ya kuhukumu, piga tena. Egemeza mti wa mbele, ule unaoshikwa chini ya mtutu, kwenye mfuko laini, kamwe si mtutu wenyewe, piga tatu na uache upoe, kwa sababu mtutu huu mwembamba ukipata moto unavutana na bomba lililofungwa chini yake na risasi zinahama. Baada ya hapo tazama masizi mdomoni. Miale yake ikiwa sawa pande zote kama nyota, mdomo ni mzima, na huenda tatizo ni kilengeo kilicholegea au skrubu za mti wa mbele zilizokazwa kupita kiasi. Miale ikiwa mirefu upande mmoja, mpelekee fundi mwenye mashine akuchongee ukingo upya. Usiuchonge mwenyewe kwa tupa; tupa yako iache kabatini.