Ukienda kusoma Pune, anza na video fupi za Kimarathi

Mdogo wangu unayejiandaa kwenda Pune, mji wa India, utaambiwa jifunze Kihindi kidogo, kitakutosha. Mimi nilikwenda na Kihindi cha kuokoteza kwenye filamu, na kweli nilinunua mboga, nilipanda bajaji. Ila wenyeji wakianza kupiga soga, nilikuwa nakaa tu kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi. Pale lugha ya nyumbani ni Kimarathi, na wanaokizungumza ni zaidi ya milioni 80.

Nilikipatia jikoni, kwa mama mwenye nyumba. Tulimwita Kaku, jina la heshima kwa mke wa baba mdogo. Jioni akiwa anapiga bhakri kwa viganja, ule mkate wa mtama, simu yake anaiegemeza kwenye kopo la viungo. Video haifiki dakika moja: mkwe na mamamkwe wanabishana juu ya pilipili. Kaku anacheka, unga unamwagika. Nikimuuliza wamesema nini, anairudisha nyuma na kunifafanulia neno moja. Lile neno nililiandika kwenye daftari kabla ya kulala, na wewe fanya hivyo.

TikTok ilipofungiwa India mwaka 2020, wengi walihamia Instagram na YouTube. Humo wa Nagpur anatamba kwa Kivarhadi chake, wa pwani ya Konkan kwa Kimalvani, zote lahaja za Kimarathi, hakuna anayeona haya. Napenda sana hilo. Lakini kwa anayeanza ni vurugu, kwa hiyo shika kwanza wasemaji wa Pune.

Tena mfuate msemaji wa jinsia yako. Mimi nilimng'ang'ania dada mmoja mpishi, nikawa nasema "mi jate", yaani naenda, miezi miwili mizima. Muuza chai ndiye aliyeniambia taratibu kwamba hivyo husema mwanamke. Mwanamume ni "mi jato". Kiswahili hakikutuandaa kwa jambo hilo.

Na majina ya ndugu yatakuchanganya: kwao "dada" ni kaka mkubwa, "kaka" ni baba mdogo, "mama" ni mjomba.

Jioni moja Kaku aliniuliza, "Jevlas ka?" Umekula? Nikajibu, "Ho, jevlo." Akaendelea kuniongelesha kwa Kimarathi, na tangu siku hiyo Kihindi hakukirudia kwangu.