Nzi wa msimu wa korosho: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Nanyamba, Mtwara. Nafuga kuku wa kienyeji 80 na mbuzi 7, na nyumba yetu iko katikati ya mikorosho. Kila ikifika Oktoba nzi wanatujaa, tunakula huku mmoja wetu anapunga kitambaa. Nimepanda mchaichai mlangoni, jioni nachoma majani ya mwarobaini, na nimening'iniza mifuko ya maji kama ninavyoona kwa mama ntilie. Wanapungua kidogo, halafu wanarudi. Shemeji yangu ananishauri nichanganye dawa ya mikorosho iliyobaki na sukari niwategee, lakini naogopa kwa sababu ya watoto. Je, ipo njia ya asili inayosaidia kweli?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na la shemeji, maana hilo halingoji: usifanye hivyo. Dawa ya maji ya kuulia mbu wa mikorosho, yaani wale wadudu wanaofyonza mkorosho, ni sumu ya shambani. Ukiichanganya na sukari ukaiweka uani, haichagui mlaji. Nzi akishailamba anaanguka, kuku anamdonoa, na mtoto anayetambaa akiona sukari anatia kidole. Salfa nayo, ile ya unga tunayopuliza kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, si dawa ya nzi; itawawasha macho na vifua bure. Umefanya vizuri kuogopa. Iliyobaki ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, ifungiwe mbali na chakula na mbali na watoto.

Sasa mimea yako. Mchaichai, kivumbasi na moshi wa mwarobaini humfukuza nzi aliyekwisha kuota mabawa, tena kwa muda ule tu harufu inapokuwa kali. Panda mchaichai kwa chai na kwa harufu yake nzuri, ila usiupe kazi usiyoiweza. Moshi ningeupunguza, hasa kama kuna mtoto mchanga ndani. Mifuko ya maji sijaiona ikipunguza nzi kwenye boma lolote nililotembelea.

Ukweli ni kwamba nzi unaowapunga mezani wengi wamezaliwa hapohapo kwako. Jike la nzi wa nyumbani hutaga mayai kama 100 kwa mkupuo, na maishani mwake anaweza kufikisha 500. Kwa joto la Oktoba kule kwenu, yai huanguliwa ndani ya siku moja, funza hula siku 4 hadi 7, kisha hugeuka pupa, na baada ya siku chache anatoka nzi kamili. Kwa jumla ni siku 7 hadi 10. Kwa hiyo kitu chochote chenye unyevu kinachooza, kikikaa wiki nzima bila kuguswa, kimekuzalia nzi. Ukikikausha, ukikigeuza au ukikiondoa kila siku ya tano, funza hawapati muda wa kukua.

Kesho asubuhi chukua kijiti uingie bandani kwa kuku. Nenda kwenye chombo cha maji, pale panapomwagika, ufukue kina cha vidole viwili. Juu utaona ukoko mkavu unaodanganya, lakini chini yake pana tope la kinyesi lenye harufu kali, na ndani yake funza weupe wanaojikunyata wakipigwa na mwanga. Kisha fukua pembeni, kwenye udongo mkavu unaogusana na ukuta. Hapo utakuta vitu vya rangi ya kahawia iliyoiva, vidogo kama punje ya mchele, vigumu ukivibonyeza. Hizo ndizo pupa. Funza akishiba huhama kwenye unyevu akatafuta pakavu pa kugeukia. Wafugaji wengi husafisha tope wakaziacha pupa ukutani, halafu baada ya siku tatu wanashangaa nzi wametoka wapi.

Kinyesi cha kuku kikiwa kikavu hakizai nzi. Weka chombo cha maji juu ya matofali mawili au juu ya wavu, ili yanayomwagika yasilowanishe matandiko. Tandika maranda, pumba za mpunga au maganda ya karanga, uyageuze kwa reki kila baada ya siku mbili. Kupima ni rahisi: fumbata matandiko mkononi, kisha fungua. Yakitawanyika, ni makavu vya kutosha. Yakibaki donge na kiganja kikalowa, ondoa sehemu hiyo yote uweke makavu. Na kwa kuwa kuku wako ni wa kienyeji, fungua banda mchana waparue wenyewe. Sijui msaidizi mwingine anayekula funza kwa bidii kama yeye.

Kwa mbuzi, fagia kinyesi kila siku ya tatu, na chimba kamfereji mkojo usituame. Majani yaliyobaki horini yakichanganyika na mkojo huzalisha pia nzi wang'atao, wale wanaowafanya mbuzi wapige miguu chini mchana kutwa.

Lakini umesema Oktoba, na hilo ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu, kwani Oktoba ni mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Familia nyingi hubeba mabibo na korosho zake hadi nyumbani, wakakaa kivulini kutenganisha, na mabibo yakabaki lundo nyuma ya jiko. Bibo lina maji mengi na sukari nyingi. Siku ya pili limeanza kuchacha, siku ya tatu lundo linatoa joto na nzi wameshafika. Wale wadogo sana wanaozunguka kama vumbi ni nzi wa matunda, hawana madhara makubwa. Ila nzi wa nyumbani naye hutaga kwenye lundo hilo, hasa likichanganyika na kinyesi cha kuku wanaokuja kudonoa.

Tenganisheni korosho hukohuko shambani. Mabibo myatawanye chini ya jua, bibo na bibo zisilaliane, yakauke badala ya kuoza. Mbuzi wanaweza kupewa mabichi kiasi kidogo pamoja na majani yao ya kawaida. Wakila mengi, tena yaliyochacha, wanavimba tumbo na kulewa. Mkitaka kuyatumia kwa juisi au jamu, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kimekuwa kikifundisha usindikaji wa bibo, na si mbali na kwenu. Yanayobaki yatie kwenye mboji: tabaka la mabibo na samadi, tabaka la majani makavu ya mkorosho, kisha funika kwa turubai na kandamiza kingo kwa mawe. Lundo likipata joto la nyuzi 50 na zaidi, funza hafi njaa, anaiva. Wanaosalimika ni wale wa pembeni kwenye ubaridi, ndiyo maana kila siku ya tano lazima ugeuze lundo, ya nje uyaingize ndani. Ukiamua kufukia shimoni, shindilia udongo vizuri. Nzi anayetoka kwenye pupa hupenya udongo uliolegea akafika juu.

Choo usikisahau, ingawa hukukitaja. Choo cha shimo kinahitaji mfuniko juu ya tundu, giza ndani, na ikiwezekana bomba la hewa linalopita paa kwa nusu mita, lenye wavu kwa juu. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bombani, wakakwama kwenye wavu wakafia humo. Wavu ukichanika bomba ni bure, kwa hiyo uangalie mara kwa mara. Majivu ya jikoni yanyunyize kila siku. Kinyesi cha watoto kisiachwe kikatupwa nyuma ya nyumba. Nzi anayependa kutua machoni mwa watoto, anayesambaza trakoma, huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kifukieni au kitupeni chooni, na watoto wanawishwe uso kila siku.

Mwarobaini nao una nafasi yake, ila kwa mbegu kuliko moshi. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja, unyunyize kwenye sehemu zenye unyevu usizoweza kuzikausha, kama kingo za lundo. Nyunyiza jioni, maana jua huipunguza nguvu haraka. Haiangushi nzi aliyekomaa. Inamzuia funza kukua, hivyo matokeo yake huja polepole.

Waliokwisha ruka, watege. Kata chupa ya lita 1.5 sehemu ya juu, igeuze kichwa chini kama faneli ndani ya sehemu ya chini. Ndani weka vichwa vya dagaa, bibo lililochacha na maji, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo ili nzi azame. Iache siku mbili inuke. Itundike mbali na nyumba, karibu na banda au lundo, hatua 20 hivi. Nimekuta watu wameitundika mlangoni, wakajikuta wanawaita nzi waje jikoni.

Usitegemee mabadiliko kesho. Nzi mkubwa anaweza kuishi wiki mbili hadi nne, kwa hiyo hao wa sasa mtakuwa nao kwa muda hata ukikausha kila kitu leo. Ili usikate tamaa, tundika kadi nyeupe darini mwa banda, iache wiki moja, uhesabu vidoa vyeusi ambavyo nzi wameacha. Andika namba, weka kadi mpya mahali palepale. Kama wiki ya nne vidoa havijapungua, kuna unyevu umekukwepa: zunguka tena na kijiti, na waombe majirani wakague kwao pia, kwani nzi huvuka mpaka wa shamba bila shida. Kisha niandikie namba zako zote nne na uniambie ulikofukua.