Mtazame begani kwanza

Sebuleni kwangu kuna picha ya Chú Tễu, karagosi wa mti anayefungua maonyesho ya majini kaskazini mwa Vietnam. Kifua wazi, kizibao hakifungiki kwa kitambi, vishungi viwili vya nywele, kinywa kimejaa kicheko. Nilimnunua Hanoi kwa mchuuzi wa njiani, amechorwa kwa mtindo wa picha za kijiji cha Đông Hồ: mstari mweusi mnene, rangi chache, hakuna kivuli.

Mwaka mzima wageni waliniuliza kama ni kazi ya mtoto. Nilinyamaza, kwa sababu hata mimi niliona shingo imekaa vibaya na mikono imekakamaa.

Ukipata picha kama hii, kijue kwanza kile kilichochorwa. Karagosi hawa huchongwa kwa mti wa jamii ya mkuyu, mwepesi, unaoelea, kisha hupakwa utomvu unaokauka ukang'aa na kuzuia maji. Wachezaji husimama nyuma ya pazia la mianzi, maji yamewafika kiunoni, wakiwaendesha kwa ufito mrefu uliozama. Ni sanaa ya wakulima wa mpunga wa bonde la Mto Mwekundu. Jiwe la maandishi la mwaka 1121 linaitaja.

Nilipoyajua hayo nikarudi kumtazama. Begani, pale mkono unapokutana na kiwiliwili, mchoraji ameacha uwazi mwembamba kama uzi. Ni kiungo! Mkono ule umepachikwa, na shingo ni kigingi. Alikuwa anachora mti uliochongwa, nami nilikuwa natafuta mtu. Kwetu kumwita mtu kikaragosi ni tusi, lakini huyu kicheko chake hakimnyenyekei yeyote.

Mtazame pia asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavuni. Karatasi ya mtindo huu hupakwa unga wa makombe ya baharini, nayo humeta kidogo ukiiinamisha. Taa ya darini huiua kabisa.

Na fremu, tafadhali, isimamie mwenyewe. Fundi wangu wa kwanza aliipunguza picha ili iingie kwenye fremu aliyokuwa nayo, vidole vya mguu wa kushoto vikaenda na mkasi. Bado inaniuma. Mwambie pia aache nafasi kati ya kioo na karatasi, maana kwa unyevu wetu wa pwani hugandana.

Siku hizi mgeni akiniuliza ni mtoto gani kachora, naitungua picha, namsogeza dirishani, namwonyesha bega.