Kujaza grauti sebule kubwa kwa awamu
Ndugu, kugawa kwa siku tatu kazi ya kujaza grauti (mchanganyiko wa saruji unaoziba nafasi kati ya vigae) kwenye sebule ya mita 40 za mraba si kosa, hata kama ndiyo mara yako ya kwanza. Anzia kona ya mbali, urudi mlangoni. Koroga kidogo, kiasi cha kumaliza ndani ya nusu saa. Ikianza kukaza usiongeze maji, itupe. Mimi niliongeza, ilipokauka ikawa na mabaka na kumeguka kama biskuti. Unapoishia kila siku, kata ukingo wa grauti wima kwa kisu, usiuache umelala. Mifuko yote nunua siku moja, na maji pima kwa kikombe kilekile, la sivyo rangi zitapishana. Vaa glavu, saruji inachoma. Kigae kikilia kama kitupu ukikigonga, ita fundi kwanza.