Jibu: Mashindano ya uongo wa tabianchi darasani? SITISHA

Usifanye. Hiyo Ijumaa unayoingojea kwa hamu ndiyo itakayokuponza.

Umeuliza mchezo gani wa kuchekesha uwafae kidato cha pili wasidanganywe kuhusu mabadiliko ya tabianchi, vikundi viwe vya watu wangapi, na mwalimu mkuu umwombeje ruhusa. Halafu ukapitisha chini chini kwamba kila kikundi kitatunga uongo wake na mshindi apate soda. Hapo nikashika kichwa.

Nami niliyafanya hayo na klabu yetu ya mazingira hapa Mombasa. Kikundi kimoja kikaandika bango kwamba matumbawe yetu hupauka kwa sabuni za hoteli za ufuoni, kikamvisha kijana koti la maabara, kikamwita Profesa. Tukacheka hadi machozi. Jioni bango liko kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, limeachana na kicheko chake. Mzazi mmoja ni dobi wa hoteli. Majirani wakamwandama kana kwamba ndiye aliyeichemsha bahari. Matumbawe ya pwani hii yalipauka vibaya mwaka 1998 kwa sababu maji yalipata joto kupita kiasi wakati wa El Niño, wala si kwa foma la mtu. Nikaeleza hayo kwa ujumbe mrefu wa sauti. Nani asikilize? Profesa alikuwa na koti, mimi nina nini? Klabu ikafungwa muhula mzima. Hadi leo kuna muuza nazi Kongowea akiniona huuliza Profesa hajambo.

Aliyenipotosha ni mwezeshaji mmoja wa semina: "Waache wacheke, ukweli utajileta wenyewe." Ukweli haujileti, bwana! Yeye ndiye aliyejiletea, akabeba posho yake akaenda zake. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia William McGuire alishaonyesha kwamba kumkinga mtu asidanganywe ni kama chanjo: mtu hupewa hoja potofu iliyodhoofishwa PAMOJA na jibu lake. Sisi tuligawa ugonjwa wenyewe, tena kwa soda.

Kwa hiyo hila itajwe kwanza, kicheko kifuate. Mchezo wa simu wa Cranky Uncle (yaani mjomba mbishi) wa John Cook, mtafiti wa upotoshaji wa tabianchi, uliotoka 2020, ndivyo unavyokwenda: mjomba mbishi anakufunulia mbinu zake mwenyewe, yaani wataalamu bandia, mantiki mbovu, kudai ushahidi usiowezekana, kuokota data zinazompendeza na kuzua njama za siri, kisha unaulizwa hii ni ipi. Simu haziruhusiwi shuleni? Andika kwenye karatasi. Na utani uuhamishe kabisa kutoka kwenye tabianchi. Akitokea wa kusema "Limuru kuna baridi, basi dunia haipati joto", mjibu: "Leo bomba la Kisauni limetoa maji, basi Mombasa haina shida ya maji." Hilo hata likivuja kwa wazazi, nani Kisauni ataliamini?

Vikundi? Vyovyote. Soda mpe atakayeitaja hila upesi, na bango lisitoke mlangoni.